Rangi ya Kaki Si Ushahidi: Namna ya Kupata Karatasi Zilizorejelezwa kwa Biashara Ndogo Meru na Embu

Mfanyabiashara anayeongeza pesa kununua mifuko ya kaki akiamini imetokana na karatasi zilizorejelezwa huenda analipia rangi tu. Kaki ni rangi ya karatasi ambayo haijapaushwa. Mti uliokatwa juzi hutoa karatasi ya kaki, na katoni kuukuu iliyosagwa upya hutoa karatasi ya kaki vilevile. Mteja aliye katika soko la Gakoromone mjini Meru, au dukani mjini Embu, hawezi kutofautisha mifuko hiyo miwili kwa kuitazama kwa mbali. Aliyeinunua kwa jumla naye mara nyingi hawezi, kwa sababu hakuuliza.

Swali la karatasi lilianza kuwa zito kwa biashara ndogo mnamo 28 Agosti 2017, siku ambayo marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa nchini Kenya. Tangazo lilikuwa limechapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwezi Februari mwaka huo, na adhabu iliyowekwa ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Bucha, maduka ya dawa, maduka ya nguo na wauzaji wa nafaka walilazimika kutafuta njia nyingine ya kufungia bidhaa, na wengi walikimbilia karatasi.

Hata hivyo, kuacha plastiki na kuchukua karatasi ni nusu ya kazi. Karatasi inayotokana na miti mipya inahitaji mbao, maji na nishati nyingi, na inaposhindwa kurudi kiwandani huishia jalalani au kuchomwa nyuma ya soko. Kaunti ndizo zinazogharamia uzoaji wa taka hizo, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka jukumu la taka ngumu mikononi mwao. Kwa wakazi wa Meru na Embu, wanaotegemea mito kama Kathita, Rupingazi na Thuci inayotoka upande wa Mlima Kenya, matumizi mazuri ya misitu na maji ni suala la kila siku.

Karatasi kuukuu hugeukaje kuwa mpya

Kurejeleza karatasi ni kazi inayoeleweka kwa urahisi. Kiwandani, karatasi kuukuu huingizwa kwenye pipa kubwa lenye maji na kukorogwa mpaka iwe rojo. Pini, vipande vya plastiki na gundi huchujwa. Kama bidhaa inayotakiwa ni nyeupe, wino pia huondolewa. Baada ya hapo rojo humwagwa juu ya wavu, maji yakachuruzika, kisha ikakandamizwa na kukaushwa hadi kuwa karatasi tena.

Kinachoshikilia karatasi ni nyuzi ndogo za mti. Kila mara karatasi inaporejelezwa, nyuzi hizo hukatika na kuwa fupi zaidi. Kwa kawaida, unyuzi mmoja unaweza kupita kiwandani mara 5 hadi 7 kabla ya kuwa mfupi mno kiasi cha kutofaa. Ndiyo maana karatasi nzuri ya ofisini huweza kurudi ikiwa katoni, katoni ikarudi ikiwa trei ya mayai, lakini trei ya mayai haiwezi kurudi kuwa karatasi nyeupe ya kuchapishia.

Jambo hili lina maana kwa mnunuzi. Mfuko uliotengenezwa kwa karatasi zilizorejelezwa pekee unaweza kuwa dhaifu kuliko ule wa nyuzi mpya wenye uzito sawa. Mfuko wa kubebea fulana hautaathirika. Mfuko wa kubebea kilo 5 za viazi utapasuka ikiwa muuzaji hakuchagua karatasi nzito au mfuko wenye tabaka mbili.

Kinachopatikana nchini na kisichopatikana

Kwa miongo kadhaa, karatasi ya Kenya ilihusishwa na mji wa Webuye, ambako kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kazi mwaka 1974. Kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza rojo kutokana na miti na kuigeuza kuwa karatasi papo hapo. Kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikachukuliwa na kampuni ya kundi la Rai. Kipindi hicho cha ukimya kiliwafanya wafanyabiashara wa karatasi za kuandikia na kuchapishia kuzidi kutegemea bidhaa kutoka nje. Hadi leo, rimu nyingi za karatasi ya A4 zinazouzwa madukani zimeagizwa, zikiwemo zile zinazotoka nchi za Asia kama Indonesia na India.

Urejelezaji, kwa upande mwingine, umeendelea nchini kwa bidhaa za aina nyingine. Chandaria Industries, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1964, hutumia karatasi kuukuu kutengeneza karatasi za chooni na tishu. Viwanda vingine jijini humo na katika maeneo jirani hutumia katoni na karatasi mchanganyiko kutengeneza karatasi za kaki, mabokisi na trei za mayai.

Kwa ufupi, mfanyabiashara wa Meru au Embu anayetafuta karatasi zilizorejelezwa atazipata kwa urahisi zaidi zikiwa katoni, mifuko ya kaki, trei za mayai na tishu. Akitaka rimu nyeupe ya ofisini iliyorejelezwa, atalazimika kuagiza kupitia kwa muuzaji wa jumla, na mara nyingi itakuwa imesafiri kutoka ng'ambo. Kutambua hilo mapema kunamwokoa mtu kuzunguka maduka yote ya mji akitafuta kitu ambacho hakipo.

Kila kazi na karatasi yake

Njia ya busara ni kuanza na matumizi, kisha kuuliza karatasi gani inayafaa.

Kwa kufungashia bidhaa kavu zisizoliwa moja kwa moja, kama nguo, viatu, vipuri na vitabu, karatasi iliyorejelezwa ndiyo chaguo la kwanza. Vivyo hivyo kwa katoni za kusafirishia parachichi, maembe na makadamia ambayo bado yamo kwenye maganda yake.

Wafugaji wa kuku tayari wanatumia karatasi zilizorejelezwa, hata kama hawajawahi kuziita hivyo. Trei ya karatasi inayobeba mayai 30 imetokana na rojo ya karatasi kuukuu. Tahadhari ni moja: trei ya karatasi haioshwi. Ikizunguka kutoka boma moja hadi jingine inaweza kubeba magonjwa ya kuku. Iliyochafuka kwa kinyesi au yai lililopasuka itupwe kwenye mboji, ambako itaoza.

Chakula kinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mandazi, nyama choma na chipsi hufungwa mara nyingi katika kurasa za magazeti au za madaftari. Wino wa magazeti una mafuta ya madini, na mafuta hayo hupenya kwenye chakula, hasa chakula cha moto au chenye mafuta. Nchini India, mamlaka ya usalama wa chakula ilitoa tahadhari mwaka 2016 dhidi ya kufunga chakula kwa magazeti. Karatasi iliyorejelezwa kutokana na magazeti inaweza pia kubaki na mabaki ya wino huo. Kwa hiyo, karatasi inayogusa chakula iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, na mfuko wa nje ndio uwe uliorejelezwa. Muuzaji wa mandazi anaweza kutumia kipande kidogo cha karatasi safi ya chakula ndani, na mfuko wa kaki uliorejelezwa nje. Gharama inabaki chini na mteja yuko salama.

Pia si lazima kila kitu kifungwe kwa karatasi. Miraa ya Meru imekuwa ikifungwa kwa majani ya migomba tangu zamani, kwa kuwa jani hilo hutunza unyevu na huoza likitupwa. Muuzaji wa mboga za majani anaweza kujifunza hapo kabla ya kununua mfuko wowote.

Kwa ofisi, shule na maduka ya fotokopi, hatua inayoleta akiba ya haraka ni kupunguza matumizi. Tuchukue mfano wa duka linalotumia rimu 20 kwa mwezi. Hizo ni karatasi 10,000, na kwa kuwa rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa takriban kilo 2.5, ni kilo 50 za karatasi. Nusu ya kazi hiyo ikichapishwa pande zote mbili, duka litatumia karatasi 7,500, yaani rimu 15. Rimu 5 zinabaki kila mwezi. Akiba hiyo inaweza kulipia tofauti ya bei ya rimu zilizorejelezwa kwa kazi zinazobaki. Kushuka kutoka gramu 80 hadi gramu 70 kwa nakala za kawaida nako hupunguza karatasi kwa asilimia 12.5, mradi mashine isiwe inakwama.

Wanaotengeneza kadi za harusi, vibandiko vya bei au zawadi za watalii wana chaguo la karatasi za kutengenezwa kwa mkono. Katika hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, Kaunti ya Kwale, karatasi hutengenezwa kwa kinyesi cha ndovu, ambacho kina nyuzi za mimea. Nyuzi za shina la mgomba pia hutoa karatasi ya aina hiyo, na migomba haina uhaba Imenti wala Embu. Bidhaa hizi ni za kiasi kidogo na bei ya juu. Hazifai kufungia sukari.

Kusoma alama bila kudanganyika

Picha ya jani la kijani au maneno yanayosifu mazingira hayathibitishi chochote. Alama zinazosaidia ni chache.

Alama ya mishale mitatu inayozunguka inaweza kumaanisha kwamba bidhaa inaweza kurejelezwa, wala si kwamba imerejelezwa. Ikiwa na asilimia katikati, asilimia hiyo ndiyo kiasi cha malighafi iliyorejelezwa.

Alama ya FSC, inayotolewa na baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu lililoanzishwa mwaka 1993, ina aina tatu ambazo huchanganywa mara kwa mara. FSC Recycled ina maana kwamba karatasi yote imetokana na malighafi iliyorejelezwa. FSC Mix ni mchanganyiko. FSC 100% ndiyo inayopotosha wengi: haina maana ya kurejelezwa kwa asilimia 100, bali kwamba nyuzi zote ni mpya na zimetoka katika misitu iliyokaguliwa. Chini ya alama halali kuna msimbo unaoanza na FSC-C ukifuatwa na tarakimu 6, ambao mnunuzi anaweza kuutafuta katika tovuti ya baraza hilo.

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, haielezi iwapo karatasi imerejelezwa, lakini inaonyesha kwamba bidhaa imetimiza kiwango kilichowekwa. Uhalali wake unaweza kuthibitishwa kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya # na nambari ya kibali kwenda 20023.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anashauriwa kumuuliza muuzaji maswali haya na kutaka majibu yaandikwe kwenye ankara:

1. Ni asilimia ngapi ya karatasi hii imerejelezwa?
2. Malighafi ni karatasi zilizotumiwa na watu, au ni vipande vilivyobaki kiwandani kabla ya kuuzwa? Zote huhesabiwa kama zilizorejelezwa, lakini za kwanza ndizo zinazopunguza taka mitaani.
3. Imetengenezwa wapi, na kiwanda gani?
4. Ina gramu ngapi kwa mita ya mraba, na mfuko unabeba kilo ngapi?
5. Je, inaruhusiwa kugusa chakula?
6. Muuzaji ataweza kuleta kiasi hicho kila mwezi?

Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakwazika na maswali hayo. Anayejibu kwamba "kaki zote ni za kurejelezwa" ameonyesha kwamba hajui anachouza.

Jaribio dogo pia husaidia. Chana karatasi taratibu kisha utazame ukingo wake. Karatasi ya nyuzi mpya huacha nywele ndefu na hukataa kuchanika. Iliyorejelezwa huchanika kwa urahisi zaidi, nyuzi zake ni fupi, na mara nyingi ina madoadoa. Jaribio hili halichukui nafasi ya ankara, lakini linafaa kama dokezo.

Kununua pamoja

Kikwazo kikubwa cha biashara ndogo ni kiwango cha chini cha oda. Kiwanda au muuzaji wa jumla Nairobi hapendi kuuza mifuko 200. Embu iko takriban kilomita 130 kutoka Nairobi na mji wa Meru uko zaidi ya kilomita 200, hivyo gharama ya kusafirisha furushi dogo inaweza kumeza faida yote.

Maduka 10 ya Nkubu au ya Siakago yakikubaliana ukubwa wa mifuko 2 au 3 na kuagiza pamoja kupitia chama chao, kiwango hicho hufikiwa. Usafiri pia unaweza kupatikana kwa bei nafuu kutoka kwa malori yaliyopeleka ndizi, viazi na mboga Nairobi ambayo yanarudi yakiwa na nafasi. Mizigo ya karatasi ifunikwe vizuri, kwa kuwa karatasi iliyolowa njiani haiuziki.

Bei ilinganishwe kwa kazi, si kwa mfuko. Mfuko wa bei ya chini unaopasuka na kumlazimu muuzaji kuongeza wa pili ni ghali kuliko mmoja imara. Kabla ya oda kubwa, chama kiombe sampuli na kuzijaza bidhaa zenyewe kwa wiki moja.

Karatasi kuukuu ni malighafi

Viwanda vinavyorejeleza karatasi vinategemea karatasi kuukuu zilizo safi na kavu. Maduka, shule, afisi za umma na vyuo kama Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru huzalisha karatasi nyingi, hasa baada ya mitihani. Zikichanganywa na maganda ya ndizi na chai iliyomwagika, zinakuwa taka. Zikitengwa, zinapimwa kwa kilo na kuuzwa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi za umma na za kibinafsi kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Kwa biashara ndogo, gunia moja la katoni na jingine la karatasi nyeupe ni mwanzo wa kutosha. Visichanganywe humo risiti za mashine ya ETR, kwa kuwa huchapwa kwa joto kwenye karatasi yenye kemikali, wala karatasi zilizopakwa plastiki au nta, wala zilizoloa mafuta.

Fomu za mikopo, nakala za vitambulisho na vitabu vya mawakala wa pesa za simu zina taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezihifadhi kuzilinda. Hazifai kufungia nyama wala kuuzwa zikiwa nzima. Sehemu yenye majina na nambari ikatwe na kuharibiwa. Kusaga kila kitu kuwa vipande vidogo kunafupisha nyuzi na kushusha thamani, kwa hiyo kufanywe pale tu panapohitajika. Karatasi za afisi za serikali zina utaratibu wake wa kisheria wa kuhifadhiwa na kuuzwa, na hazitolewi kupitia mlango wa nyuma.

Kikundi cha vijana au cha akina mama kinachotaka kukusanya karatasi hizo kibiashara kinahitaji leseni ya kusafirisha taka kutoka kwa mamlaka ya mazingira, NEMA. Kikitaka kuuza mifuko au karatasi kwa afisi za umma, kinaweza kujisajili katika mpango wa AGPO, ambao unatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Maelezo ya usajili yanapatikana katika vituo vya Huduma mjini Meru na mjini Embu.

Pa kuanzia

Mfanyabiashara hahitaji kubadilisha kila kitu kwa siku moja. Achukue ankara za miezi 3 iliyopita na kuandika ni karatasi gani alinunua, kiasi gani na kwa kazi gani. Achague moja ambayo haigusi chakula na inayotumika sana, kisha atafute iliyorejelezwa ya kazi hiyo peke yake. Aweke gunia la katoni nyuma ya duka. Baada ya miezi 3 atakuwa na takwimu zake mwenyewe za gharama, mifuko iliyopasuka na kilo zilizouzwa.

Wafanyabiashara wenye maswali kuhusu leseni na utenganishaji wa taka wanaweza kufika katika afisi za NEMA zilizo katika kaunti zao, na wanaohitaji mwongozo kuhusu karatasi za kufungia chakula wamwone afisa wa afya ya umma wa eneo lao.